Swali la Saba

Milima ya Mbulu
9 Juni 2024

Mjomba wangu Muhiddin,

Shikamoo. Kifurushi kimefika. Kimepanda boti, kikapanda mabasi mawili, na kipande cha mwisho cha safari kimeletwa na kijana wa bodaboda ambaye nadhani alikikalia njia nzima, kwa sababu visheti vimefika vikiwa unga. Nimeula unga huo kwa kijiko na sikumgawia mtu. Halua imesalimika. Glovu za sufu alizonifumia Bi Mize zimenitosha, na mwambie baridi ya huku si ya kusimuliwa. Asubuhi maji ya ndoo yanauma vidole. Ahsanteni sana. Na ahsante kwa daftari ulilonijalidia kwa mkono wako. Hapa kila anayeliona anadhani natembea na msahafu.

Unalalamika kuwa sipigi simu. Mtandao huku unapatikana juu ya kilima, nyuma ya kanisa, na upepo wa huko unakula nusu ya maneno. Tena simu yako Bi Mize huiweka spika, nyumba nzima ikasikiliza na jirani wa juu akachangia. Barua ni yetu wawili.

Umeuliza kazi yangu hasa ni nini. Ni mambo ya mifugo. Tunapita nyumba hadi nyumba kufuatilia magonjwa yanayotoka kwa wanyama na kuingia kwa watu. Tunauliza, tunaandika, tunachukua damu kidogo, tunaondoka. Usiwe na wasiwasi.

Mama Safari aliyekuwa akikupikia miaka ile unauza kanga gulioni huku bado yupo, na mkahawa wake ni uleule. Nilipomwambia mimi ni mpwa wa Muhiddin wa Unguja alinishika mikono yote miwili, akanipa maharage na kachumbari, akakataa katakata nisilipe.

Nina swali moja. Si langu, ni la mwenzangu, Mwislamu kama sisi. Kazini hugusa kitu chenye najisi nzito. Huvaa glovu za mpira, lakini mara nyingine hutoboka. Ajitwaharishe vipi? Anataka jibu la mtu mwenye elimu, nami simjui mwingine ila wewe.

Mpwa wako,
Yusra


Mkunazini, Unguja
24 Juni 2024

Mwanangu Yusra,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, kisha nikamsomea Bi Mize, kisha akanipokonya akaisoma mwenyewe, kwa hiyo hilo la "yetu wawili" lisahau. Amecheka kuhusu visheti, lakini amekasirika kuhusu spika. Anasema jirani wa juu hachangii, anasahihisha.

Kwa nini umenikumbusha kachumbari ya Mama Safari? Miaka tisa nilikula kwa mama yule. Alininunulia sufuria yangu peke yangu, akaitundika ukutani mbali na nyingine, na akimwona mtu anaigusa humkaripia: "Hiyo ya Mswahili, weka chini!" Msalimu mno. Mwambie tangu nirudi sijapata vitunguu vilivyooshwa chumvi vizuri kama vyake.

Kuhusu mwenzako: mkono wake auoshe mara saba, moja kati ya hizo kwa maji yaliyochanganywa na udongo safi. Achukue udongo kwenye kopo dogo, awe nao daima. Mwambie pia kuwa anayeshika najisi kwa ajili ya kazi ya halali hana la kuonea haya. Aoshe, aswali, alale.

Sisi wazima. Kazi ya kujalidi misahafu ipo tele, ila kidole changu cha shahada kina bendeji, kisu kiliteleza. Adhana ya alfajiri kwa sasa nimemwachia Suhail, kijana wetu wa msikitini. Koo langu limekauka.

Na mimi nina swali, kwa kuwa wewe ndiye msomi wa magonjwa. Si langu, ni la rafiki yangu. Ni mtu wa makamo, mzima wa mwili. Tangu Shaaban ameanguka mara tatu. Mkono wa kushoto huanza kumcheza wenyewe, kisha hajui kitu, kisha anaamka chini ameuma ulimi na kichwa kinamgonga. Wapo waliomwambia ni jini. Amekunywa kombe, aya zimeandikwa kwa zafarani kwenye sahani na kusuuzwa kwa maji ya marashi, akapata nafuu wiki nzima. Kisha akaanguka tena. Spitali hataki kwenda, anaona haya. Unasemaje?

Mjomba wako,
Muhiddin Ubwa


Milima ya Mbulu
8 Julai 2024

Mjomba wangu,

Shikamoo. Jibu lako nimelipata na nimelia kidogo, kwa sababu mwenzangu yule ni mimi.

Nisamehe. Nilikuandikia "mifugo" kwa kuwa neno lenyewe halikutaka kutoka. Ni nguruwe, mjomba. Kila nyumba huku ina nguruwe wawili watatu, na mimi, niliyefundishwa alifu na be juu ya meza yako, kutwa nimesimama zizini. Mfanyakazi mwenzangu humfunua nguruwe mdomo kwa kijiti, na mimi napapasa ulimi kutafuta vifuko vyeupe mfano wa punje za mchele. Nikivipata naandika. Glovu za Bi Mize sijazipeleka huko hata siku moja, wallahi. Nazivaa nikienda kuteka maji. Kopo la udongo ninalo mkobani tangu siku niliyosoma barua yako, na nimelala usingizi ambao sikuulala tangu Mei.

Sasa rafiki yako. Umenishtua, maana hayo uliyoyaeleza ndiyo tunayoyatafuta. Punje zile ni za tegu wa nguruwe. Mtu akila nyama yenye punje ambayo haikuiva, tegu anakulia tumboni mwake. Na huku milimani wapo wanaoangukaanguka kwa sababu mdudu huyo ameingia kichwani. Si jini. Ni ugonjwa, na dawa zipo.

Rafiki yako aliwahi kuishi kwenye nguruwe? Fomu yetu ina maswali kumi na mawili. Sita ya mwanzo ni umri, ameanguka mara ngapi, kichwa kinauma vipi. La saba linauliza: Je, umewahi kula nyama ya nguruwe? Hilo ndilo mlango. Akijibu ndiyo, tunaendelea na kuchukua damu. Akijibu hapana, tunamshukuru na kuondoka. Muulize, kisha unijibu upesi.

Mpwa wako anayekupenda,
Yusra


Mkunazini
19 Julai 2024

Yusra,

Salamu zimefika. Umenificha kazi yako na nimekusamehe kabla hujamaliza kuomba. Nilijua kutoka barua ya kwanza. Najisi nzito ni mbwa au nguruwe, na mbwa hawamlazimishi mtu kuvaa mpira.

Nimemsomea rafiki yangu swali lako la saba. Amejibu hapana. Hajala wala hajaonja. Ameishi miaka katikati ya watu wanaoila, wakamheshimu kwa hilo, na yeye akawaheshimu. Leo aende spitali, akae kwenye benchi, aulizwe swali hilo mbele za watu na mtoto wa jana? Na akitoka na karatasi iliyoandikwa mdudu wa nguruwe, nani Mkunazini atakayeamini kuwa hakula? Nani ataitikia adhana yake?

Fomu yako inasema anayejibu hapana mnamshukuru na kuondoka. Basi mshukuru, uondoke.

Muhiddin


Mkunazini
2 Agosti 2024

Yusra mwanangu,

Mimi Bi Mize. Naandika jikoni, mjomba wako yuko chumbani kalala, na mimi si mtu wa barua, nitakwambia kama nnavyosema.

Yule rafiki yake hayupo. Ni yeye mwenyewe. Mie nshajua siku nyingi, mke hafichwi, lakini nilikuwa nangoja aniambie na yeye hasemi. Barua zako nimezikuta chini ya debe la gundi. Nimezisoma zote, usinilaumu.

Jumatano kaanguka kwenye ngazi za msikiti akienda alasiri. Suhail alikuwa nyuma yake akamdaka, la sivyo tungekuwa tunasema mengine leo. Jana kaangukia meza ya kazi, kisu mkononi. Hakikumfika, alhamdulillahi. Nimekichukua kisu nimekifukia ndani ya pipa la mchele, anakitafuta kutwa, ananiuliza mie nnamwambia labda panya.

Anavyoogopa ni hivi. Haogopi kufa. Anaogopa watu waseme Muhiddin alikula nguruwe huko bara, akaja akatuadhinia. Kaniambia usingizini, au kajifanya yumo usingizini, sijui. Adhana ndiyo maisha yake, unamjua.

Usimwambie kama nimekwambia. Akijua tunajua atafunga mlango na ufunguo ataumeza. Wewe mwandikie hivyohivyo, rafiki rafiki, kama anavyotaka kuandikiwa. Lakini mwandikie upesi, mwanangu.

Mize


Milima ya Mbulu
14 Agosti 2024

Mjomba wangu Muhiddin,

Shikamoo. Hii si ya kwako, ni ya rafiki yako. Nakuomba umsomee neno kwa neno, hata pale atakaposema inatosha.

Rafiki wa mjomba wangu, nimekuja kukushukuru, na siondoki.

"Hapana" yako ilinifika siku nimetoka kazini. Nilikasirika kwanza, nikasema mtu huyu mkaidi. Kisha nikafungua daftari na kuanza kusoma majibu ya swali la saba tangu nifike. Nyumba thelathini na moja zimejibu hapana, za Waislamu na za Wasabato. Zote tulizishukuru, tukaondoka, bila tone la damu. Na lililonikata maini ni hili: katika nyumba za Waislamu swali lenyewe sikuliuliza. Nilimwona mama kajitanda kanga, nikaona ni utovu wa adabu kumtamkia neno hilo, nikajaza "hapana" mwenyewe kabla hajafungua mdomo. Wenzangu wote walisifu namna ninavyowaheshimu watu.

Lakini nilisoma haya chuoni na mtihani nikapasi. Mdudu wa kichwani haji kwa kula nyama. Nyama inaleta tegu wa tumboni, na mwenye tegu tumboni hutoa mayai chooni bila kujua. Mayai hayo ndiyo yanayokwenda kichwani, na yanapita kwenye mkono usionawa, kwenye mboga, kwenye maji ya mto. Anaweza kuyameza mtu ambaye nguruwe hajamwona hata kwenye picha. Nilikuwa nalijua hili kama ninavyolijua jina langu, na kila asubuhi nikatembea na fomu inayosema kinyume, kwa kuwa fomu ilipigwa chapa na mimi nilikuwa na haya.

Asubuhi yake nilirudi kwa mwanamke mmoja, Bi Ulfat, mke wa mwenye duka. Mara ya kwanza nilikaa kwake dakika kumi tu. Safari hii nilimwambia, "Bi Ulfat, nguruwe sikuulizi. Nakuuliza kama unaanguka." Alinyanyuka akafunga mlango. Alinionesha mkono uliobabuka, aliangukia jiko. Ni miaka miwili. Mumewe anaamini ni jini, watoto wamekatazwa kusema nje. Aliniambia, "Ningesemaje? Wangesema nakula kwa siri." Tumempima damu, amepelekwa mjini kupigwa picha ya kichwa, amekutwa na mdudu. Yuko kwenye dawa na siku kumi na moja hajaanguka. Jana amenikaangia vitumbua nikashindwa kutembea.

Nimezirudia nyumba zote thelathini na moja. Mpaka leo tumepata watu wanne. Mkubwa wetu wa kazi nilimpelekea daftari, akalisoma, kisha akachukua kalamu akaifuta ile amri ya kumruka anayejibu hapana. Sasa swali la saba lipo, lakini halimtoi mtu nje. Na tumeongeza mengine mawili kabla yake: maji unachota wapi, na chakula unakula kwa nani.

Watu hao wanne wamepatikana kwa sababu yako. Ungesema "sijui", au ungenyamaza, bado ningekuwa nashukuru watu na kuondoka.

Sasa sikia. Ile karatasi ya spitali unayoiogopa haisemi ulikula nini. Inasema kuwa mkono fulani haukunawa siku fulani, na hakuna daktari duniani anayeweza kusema mkono wa nani. Ndani ya bahasha hii nimeweka barua kwa daktari. Nimeeleza kila kitu. Mahali pa jina nimeacha wazi, utajaza mwenyewe. Sitauliza jina lako, si leo wala siku nyingine. Ila dawa za mdudu usinunue dukani ukajinywesha, maana akifa kichwani bila daktari kuangalia unaweza kuumia zaidi. Nenda upigwe picha kwanza. Na mpaka hapo usipande ngazi peke yako, usishike kisu.

Mjomba, hapa narudi kwako. Watoto wanaozunguka mkahawa wa Mama Safari wameniona nanawa kwa kopo la udongo, sasa wote wananawa mara saba kabla ya kula, wakihesabu kwa sauti. Mama Safari anasema maji yanamwishia na kosa ni la Unguja.

Nakusubiri, mjomba. Namsubiri na rafiki yako.

Yusra


Mkunazini, Unguja
27 Septemba 2024

Mpwa wangu, mwanangu Yusra,

Nimechelewa kujibu. Nilikuwa na kazi ya kumsindikiza rafiki yangu.

Barua yako nilimsomea nikiwa peke yangu chumbani, neno kwa neno kama ulivyotaka. Nilipofika pa Bi Ulfat na jiko nikaiweka chini. Nikaichukua tena. Mahali pa jina palikaa wazi siku nne juu ya meza, na Bi Mize akapafuta vumbi kila asubuhi, mwanamke yule. Siku ya tano nikachukua kalamu yangu ya mwanzi, ile ya kuandikia majina kwenye misahafu, nikapajaza. Nikamwita. Nikamwonesha. Akasema, "Ahaa." Kisha akaenda kwenye pipa la mchele akanirudishia kisu changu. Nimemwoa mwaka wa thelathini huu na bado sijui anachokijua.

Wamenipiga picha. Vifuko vipo viwili, upande wa kulia, mfano wa punje kama ulivyosema. Daktari ni binti mdogo, angeweza kuwa wewe. Aliniuliza nguruwe. Nikamwambia, "Hapana, na hilo halikuhusu." Akacheka, akasema, "Kweli, Mzee, halihusu." Nililala wodini wiki mbili nikitazamwa, na vidonge vya kuzuia kuanguka nitakunywa kwa muda mrefu. Wiki ya nane hii sijaanguka. Kichwa kimekuwa chepesi, nasikia hata kunguru wa Mkunazini, nao sikuwakumbuka kwa wema.

Kisha akaniuliza nani alikuwa akinipikia huko milimani. Jina sikumtajia.

Yusra, mwaka wangu wa pili huko niliugua homa siku kumi na moja. Mama Safari alifunga mkahawa wake akaniuguza. Alinipikia uji katika sufuria yangu, akaukoroga mwenyewe, akaninywesha. Si ndugu yangu, si wa dini yangu. Ukimwambia neno hili, kwamba huenda ni mkono wake, atakufa kwa huzuni. Wala hatujui kuwa ni yeye, wewe mwenyewe umeandika. Niliyanywa maji ya mto wa huko miaka tisa. Basi mpime kama mnavyopima wengine, mpeni dawa kama mnavyowapa wengine, na kwangu mimi mwambie jambo moja tu: Muhiddin anakushukuru kwa kila sahani. Kila sahani, Yusra. Usipunguze.

Jumapili iliyopita, baada ya isha, niliwaambia. Nilisimama mbele ya baraza letu, wote wapo na vikombe vyao vya kahawa. Nikasema nilikuwa naanguka, nina mdudu wa nguruwe kichwani, sijala nguruwe, na anayetaka kujua imekuwaje akae nimweleze. Hakuna aliyeondoka. Mzee mmoja akauliza kama kahawa inaruhusiwa. Na nilipokuwa nafungua mlango wa nyumba, Anwarali wa duka la nyuzi alikuwa nyuma yangu. Aliniuliza kwa sauti ya chini daktari yule yupo siku gani. Ana binti, Rumana, ana miaka kumi na tisa, na wamemtoa skuli kwa sababu anaanguka. Wana miadi ya Jumanne. Huenda ni jambo jingine, lakini ataangaliwa.

Alfajiri ya leo nimeadhini. Ngazi sipandi tena, nasimama chini kwenye kipaza sauti, na Suhail ananikaa ubavuni kama polisi. Watu wamekuja, safu tatu, na siku za kazi huwa safu moja na nusu.

Nilikufundisha kuandika juu ya meza hii, ukinimwagia wino. Sikujua kuwa nilikuwa najitafutia daktari. Mungu akulipe, mwanangu, kwa kunificha mimi ndani ya rafiki yangu mpaka nilipokuwa tayari kutoka.

Bado moja. Fungua lile daftari nililokujalidia, ukurasa mpya. Andika: mwanamume, miaka hamsini na nane, mkazi wa Mkunazini, aliishi milimani miaka tisa. Ameanguka mara tano. Maji alikunywa ya mto, chakula alikula kwa watu wema. Swali la saba, hapana.

Usiniruke.

Rafiki yangu yule,
Muhiddin Ubwa